Nafuu za ushuru kwa sisi wenye karakana ndogo Kenya: ipi inashika fundi na ipi ni ya wakubwa

Wenzangu wenye biashara ndogo hapa Mombasa wananiuliza sana, hizi nafuu za ushuru zinazosemwa ni za kutusaidia kuajiri watu wenye ujuzi ziko kweli ama ni maneno ya siku ya bajeti tu. Basi nimeamua kuzipitia hapa vile mtu anavyoandika kuhusu huduma yoyote aliyoilipia, manake hizi nazo ni huduma na wateja ni sie. Jibu la haraka kwa asiye na muda: ile kubwa ya wanagenzi haitufai hata kidogo, ile ya hisa inafaa watu wachache sana, na zile ndogondogo ambazo hakuna anayezitangaza ndizo zinazofanya kazi. Nyota nitazitoa huko mbele.

Kwanza mjue nimesimama wapi. Karakana yangu ni ya friji na AC, tunafanya kompresa, stoo za baridi za samaki, AC za maofisi, na msimu wa wageni mahoteli ya Nyali na Diani yanapiga simu mpaka usiku. Kazi hii hapewi mtu yeyote tu. Fundi lazima ajue umeme, ajue gesi, na siku hizi friji mpya zinakuja na gesi ya R600a ambayo inashika moto, ukimtuma mtu asiyejua akaenda kuchomelea paipu bila kutoa gesi vizuri ni maafa. Sasa kijana kama huyo akishaiva, akapata gredi tesi zake (mitihani ya ufundi) za NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hoteli kubwa inamtaka, kampuni ya Nairobi inamtaka, na wakala wa Ghuba ndio kabisaa, manake Dubai na Doha mshahara haukatwi ushuru. Mimi nashindana na hao wote nikiwa na nini? Hapo ndipo serikali ingenisaidia, na ndio maana nazipima hizi nafuu kwa swali moja tu: mwezi ukiisha, fundi wangu ameona tofauti mfukoni ama hakuona?

Niwaonyeshe hesabu ndio mjue kwa nini nauliza hivyo. Chukua fundi wa 60,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. NSSF, ile akiba ya uzeeni, inamkata 3,600, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ambayo ni 1,650, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 900. Hizo zote tangu Disemba 2024 zinatolewa kabla ya kupiga ushuru, na hiyo nashukuru kwa dhati, kabla ya hapo SHA na nyumba zilikuwa zinakatwa juu ya ushuru. Inabaki 53,850. PAYE, yaani ushuru wa mshahara, hapo ukishaondoa ile nafuu ya 2,400 ya kila mtu, ni kama 8,540. Anaenda nyumbani na 45,310 hivi. Mimi upande wangu naongeza NSSF yake 3,600 nyingine, nyumba 900 nyingine, na 50 ya NITA, jumla imenitoka 64,550. Kati ya kile kilichonitoka na kile alichoshika mkononi kuna zaidi ya elfu kumi na tisa. Sisemi pesa zote hizo zimepotea, NSSF ni akiba yake na hospitali ni yake, lakini kijana wa miaka ishirini na sita hahesabu hivyo. Nilikaa na mmoja wangu pale kwenye benchi la kazi, karatasi ya mshahara tumeiweka juu ya kava ya kompresa, akawa anashuka na kidole mstari kwa mstari, alipofika PAYE akanyamaza, kisha akaniuliza taratibu, "Bosi, na kule walikoniita hii haiko?" Sikuwa na la kumwambia. Aliondoka, na simlaumu.

Sasa tuje kwa nafuu zenyewe.

Ile inayotajwa sana ni ya wanagenzi, kifungu cha 39B cha sheria ya ushuru wa mapato. Ukiajiri wahitimu kama wanagenzi kwa miezi sita hadi kumi na miwili, nusu ya mishahara uliyowalipa inaingia kwenye hesabu ya kukupunguzia ushuru mwaka unaofuata. Mwanzo ilikuwa ya waliomaliza yunivasiti pekee, halafu 2021 wakaongezwa wa vyuo vya ufundi, na hapo mtu kama mimi moyo unaruka, manake Kenya Coast National Polytechnic iko hapa hapa Mombasa na vijana wanatoka kila mwaka wanatafuta pa kuanzia. Nusu ya mshahara! Unasema leo tumepata.

Halafu unasoma masharti. Lazima uajiri wasiopungua kumi.

Kumi jamani. Karakana yangu nzima haifiki watu kumi ukitujumlisha na mimi. Hata ukiwalipa elfu 25 tu kila mmoja, kumi kwa miezi sita ni milioni moja na nusu, na hiyo pesa unaitoa leo, nafuu unaiona mwaka unaofuata baada ya kufunga hesabu. Ni biashara ndogo gani inaweza kubeba hiyo? Benki inaweza, kampuni ya simu inaweza, kiwanda cha saruji kinaweza, na hao hawana shida ya kupata watu, vijana wanajipanga wenyewe mlangoni. Na hata kama ningepata pesa za kuwalipa, nani atawafundisha? Mwanagenzi wa friji anasimama na fundi bega kwa bega, anashika geji, anasikia sauti ya kompresa iliyochoka, haiwezekani mafundi watatu wafundishe kumi na kazi za wateja ziendelee. Mimi naweza wawili kwa wakati mmoja, na hao wawili nitawatoa wakiwa mafundi kamili. Kama sheria ingesema "mmoja na kuendelea" badala ya kumi, nawaambia ukweli, hapa barabara yetu pekee kila karakana ingechukua mtu. Na msinielewe vibaya, wazo lenyewe ni zuri sana, pengine zuri kuliko yote, ndio maana hilo sharti linaniuma. Kwa mwenye biashara ndogo natoa nyota 1 kati ya 5.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaliunganishi na hili, nalo ni TOT, yaani ushuru wa mauzo wa biashara ndogo. Ukiwa mauzo yako kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25, ushuru wako wa kawaida ni TOT, asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023, zamani ilikuwa asilimia 1. Unaipenda kwa sababu ni rahisi, huhitaji mavitabu mengi. Lakini TOT inapigwa kwa mauzo, si kwa faida. Ukiuza milioni 6 unalipa 180,000, uwe una fundi mmoja wa kubahatisha ama una watatu waliosoma unaowalipa vizuri, ni ile ile 180,000. Mshahara hauondolewi. Kwa hivyo nafuu yoyote inayokuja kwa njia ya "tutakuruhusu uondoe gharama hii kwenye hesabu" haimgusi mtu wa TOT hata kidogo, hana mahali pa kuiondoa. Waweza kuandika barua utoke TOT uingie hesabu za kawaida, hiyo sheria inaruhusu, lakini sasa utahitaji mhasibu, vitabu kamili, na kama ni kampuni unapigwa asilimia 30 ya faida. Kuna wengine inawalipa, hasa wenye mishahara mizito na faida nyembamba, kwa hivyo piga hesabu kwanza usifuate jirani. Mimi naona hapa ndipo mambo yameharibikia: anayepanga nafuu anamfikiria mtu mwenye idara ya fedha, na sie tulio wengi tuko kwenye TOT ama hatujafika hata hapo.

Majirani zetu Tanzania wamefanya kitu naona kimetushinda akili. Nina ndugu yangu Tanga ana karakana ya kuchomelea milango na mageti. Kule kuna tozo ya kuendeleza ufundi, SDL, mwajiri anailipa juu ya mishahara yote. Mpaka 2021 ukifikisha wafanyakazi wanne tayari unalipa. Julai 2021 wakapandisha, sasa ni kuanzia wafanyakazi kumi, na kiwango chenyewe kimeshushwa mpaka asilimia 3.5 tangu Julai 2023. Ndugu yangu hakujaza fomu yoyote, hakuomba, hakusubiri mwaka uishe, alilala anadaiwa akaamka hadaiwi, na akachukua kijana mwingine wa VETA, vile vyuo vya ufundi vya kule, bila kuogopa. Ina kasoro yake, yule wa kumi akiingia tozo inarudi kwa mishahara ya wote, kwa hivyo kuna watu watakwama kwenye tisa makusudi. Lakini angalia, namba ni ile ile kumi, kule inamkinga mdogo na kwetu inamfungia nje. Hiyo naipa 4.

Nije kwa hisa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kitu kwa kampuni changa: kama huna pesa za kumlipa mtaalamu, unaweza kumpa hisa badala ya sehemu ya mshahara, na ushuru wa zile hisa hautozwi palepale. Unasubiri mpaka moja kati ya haya litangulie: miaka mitano iishe tangu mwisho wa mwaka aliopewa, ama auze hisa, ama aache kazi kwako. Likitokea, ushuru unalipwa ndani ya siku 30. Kampuni lazima mauzo yake ya mwaka yasizidi milioni 100, iwe haijapita miaka mitano, isiwe imezaliwa kwa kukatwa kutoka kampuni nyingine, na isiwe ya huduma za usimamizi, kitaalamu ama mafunzo.

Kwa vijana wa programu za simu kule Nairobi hii ni nzuri na nawaambia waitumie. Wanamchukua mhandisi ambaye benki ingemlipa mara tatu, wanamwambia twende pamoja, na hakuna anayemdai ushuru wa pesa ambazo hajaziona. Kabla ya hapo ilikuwa mtu anadaiwa ushuru wa karatasi. Lakini kwa karakana ya Majengo ama Changamwe? Wengi wetu tumesajili jina la biashara tu, na jina la biashara halina hisa. Na hata ukiwa na kampuni, hisa za karakana nani atazinunua? Fundi wangu ana kodi ya nyumba tarehe tano, hawezi kumpelekea mwenye nyumba asilimia mbili ya karakana. Halafu kuna lile la akiacha kazi: mtu ameondoka, hana mshahara, hisa hazina mnunuzi, na ushuru unamngoja ndani ya mwezi mmoja. Unaweza ukaharibu urafiki wa miaka hapo. Nyota 3 kwa kampuni changa za kweli, kwa wengine wote 1.

NITA nitapita haraka. Ile 50 kwa kila mfanyikazi kwa mwezi, 600 kwa mwaka, wengi wanaiona kama makato mengine tu, lakini mwajiri anayeilipa anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo ya wafanyikazi wake, mradi mafunzo yameidhinishwa na anayefundisha amesajiliwa nao. Kwa hivyo uliza kabla ya kumpeleka mtu kozi, usiende na risiti baadaye. Ni ya maana, na kijana unayemsomesha anakaa. Nyota 3.

Sasa zile ndogo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye pesa.

Disemba 2024 viwango vingine vilipandishwa. Chakula unachompa mfanyikazi hakitozwi ushuru mpaka 5,000 kwa mwezi, ilikuwa 4,000. Vitu ambavyo si pesa, yaani marupurupu ya vitu, mpaka 5,000 kwa mwezi, ilikuwa 3,000. Michango ya pensheni mpaka 30,000 kwa mwezi pamoja na NSSF, ilikuwa 20,000. Mtu anasoma hapo anaona ni pesa za chai. Ngoja. Fundi wa 60,000 shilingi zake za mwisho zinakatwa asilimia 30. Ukimpandishia mshahara kwa elfu 10, karibu elfu 3 zinaenda PAYE, bado SHA na nyumba na NSSF hazijagusa. Ukimpa elfu 5 ya chakula na elfu 5 ya vitu, elfu 10 yote inamfikia. Na hauombi ruhusa, haungoji mwaka, inaonekana mwezi huo huo.

Vile tunavyofanya sie: kuna mama anatupikia mchana, siku za kazi wali na samaki ama maharage ya nazi, Ijumaa pilau. Kila mmoja anakula, karakana inalipa mwisho wa wiki. Sharti ambalo watu hawalijui ni kwamba anayewauzia chakula kutoka nje lazima awe amesajiliwa kwa ushuru. Mama wetu hakuwa na PIN, ile namba ya ushuru, tukamsaidia akaipata, na sasa anatupa risiti inayoeleweka. Amepata na kandarasi ya karakana ya jirani kwa sababu ya ile risiti. Vijana nao wameacha kutumia mia mbili mia tatu kila mchana, na nawaambia hicho chakula kinashika fundi kuliko nyongeza niliyokuwa nawapa, wanakaa meza moja, wanaongea kazi, mdogo anauliza mkubwa. Kwa upande wa vitu ambavyo si pesa, Ramadhani na Disemba tunatoa kapu la vyakula, na simu nzuri ya kazi. Hesabu tu msipite 5,000 kwa mwezi.

Pensheni ni ngumu kidogo kumuuzia kijana, hataki kusikia ya uzeeni. Lakini aliye na watoto anasikia. Unamwekea elfu 5 kwenye mpango uliosajiliwa, hazikatwi PAYE, na mpango ukiwa wa kampuni yako anaona kuna kitu kinajengeka hapa kwako. Mahoteli makubwa yanayo hii miaka na miaka, ni sie tuliodhani si yetu.

Na ile mpya kabisa, kwa biashara zenye safari ni tamu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025 posho ya safari haitozwi ushuru mpaka 10,000 kwa siku, ilikuwa 2,000. Elfu mbili kwa siku, fundi wa kwenda Lamu angelala wapi na ale nini? Sasa tukipata kazi ya stoo ya baridi Lamu ama Kilifi ama lodge za Tsavo, fundi anaenda na posho inayomtosha, analala pazuri, kinachobaki ni chake. Nimeona vijana wanagombania zamu za safari ambazo zamani walikuwa wanazikwepa. Nyota 5, bila kusitasita.

Ila jamani msiiharibu. Nishasikia watu wanapanga kumgawia mtu wa ofisini posho ya safari kila siku ndio mshahara upungue kwenye karatasi. Hiyo ni ya mtu aliyetoka kweli nje ya kituo chake kwa kazi. Mkiichezea hivyo wataifunga, na tutakaoumia ni sie tunaotuma watu kweli.

Kitu kingine kizuri cha Sheria ya Fedha ya 2025, hiyo hiyo iliyopandisha posho, sasa mwajiri anatakiwa kumhesabia mfanyikazi nafuu zake zote pale pale anapokata PAYE, si mtu akatwe zaidi halafu mwaka uishe ahangaike kudai arudishiwe. Kwa hivyo wewe mfanyikazi unayesoma, kama unalipa bima ya maisha ama ya elimu ama una mkopo wa nyumba, mpelekee bosi wako vyeti sasa hivi. Nafuu ya bima ni asilimia 15 ya unacholipa, mpaka 5,000 kwa mwezi. Wengi wanaiacha tu.

Nikizijumlisha zote kama huduma moja, 2 na nusu kati ya 5. Kwa mwenye kutaka kuanza wiki hii, anza na chakula, tafuta mpishi mwenye PIN ama msaidie aipate. Halafu posho: fungua kitabu cha safari, andika tarehe, mteja, mahali, jina la fundi, usiku aliolala, na ubandike nakala ya kazi aliyofanya, siku ukiulizwa uwe nayo. Halafu hisabu kama TOT bado inakufaa, na hiyo usiifanye peke yako, tafuta mhasibu akuwekee mwaka mzima mezani kwa njia zote mbili. Na ile ya wanagenzi kumi, kila mwaka Mswada wa Fedha ukifika bungeni kamati ya fedha inapokea maoni ya wananchi, kwa maandishi, bure. Wa mwaka ujao mimi naandika: kumi iwe mmoja, na nafuu ikatwe kwenye PAYE ya kila mwezi ndio hata mtu wa TOT aipate. Mwenye karakana, saluni, bekari, duka la dawa, andika na wewe, tena eleza una watu wangapi na ungechukua wangapi.